Baba, Kuhusu Ile Ahadi ya Kutomwacha Mama

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa uani kwetu hapa Buhongwa, nimekaa kwenye kigoda chako. Mikono nimeisugua kwa sabuni ya unga lakini kucha bado nyeusi. Unaujua weusi huo. Alumini yenyewe inang'aa, ila maji yanayotoka kwenye msasa ni meusi kama masizi, na dukani watu hudhani nauza mkaa.

Sijawahi kukuandikia tangu tulipokuzika. Nilikuwa palepale uliponiacha, nikifanya yaleyale uliyoniacha nikiyafanya, na mtu wa namna hiyo hana habari za kutuma. Leo ninazo, na sijui kama utazipenda.

Unakumbuka ulivyoacha gereji? Mgongo ulikuwa umekataa kulala chini ya magari, ukaja nyumbani na gunia la kava za injini za pikipiki, ukalimwaga hapa uani, mama akadhani umechanganyikiwa. Nyingine zilikuwa na mafuta yaliyoganda. Nyingine zilikuwa na ule uso wa tangu kiwandani, wa alumini iliyomiminwa ikaachwa hivyo, unaparuza kama ganda la chungwa. Ukachukua beseni la mama la kufulia bila kuomba. Beseni hilo halikufua nguo tena, na mama aliendelea kulidai kila alipoona nguo chafu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Ukaniita. "Kabula, kaa hapa. Funga kanga puani, vumbi hili si la kuvuta." Tukaosha kava ya kwanza kwa mafuta ya taa, tukaanza na msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, maji yakitiririka. Kila tulipobadilisha msasa ulinigeuza mkono nisugue kwa kukatiza mistari ya mwanzo, ili mikwaruzo iliyobaki ijionyeshe. Nilitaka kuruka hatua. Ukanikamata kifundo cha mkono, bila ukali. "Mkwaruzo ukiuficha kivulini, juani utakuumbua." Mwisho ukafunga gurudumu la kitambaa kwenye drili, ukapaka dawa ya kung'arishia, na kitu kilichokuwa na rangi ya majivu kikawa kama kijiko kipya. Nilipiga kelele. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akajitazama humo, akarekebisha kilemba chake, akarudi jikoni. Ulicheka wewe!

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Nyegezi. Tulimpelekea mwenye boti vipande vya injini yake, vile vilivyokuwa vimeliwa na maji hadi vikaota unga mweupe. Mama naye alikuja, kavaa viatu vya kanisani. Kazi ilipokwisha mkaingia ziwani hadi magotini, wewe na yeye, mmeshikana mikono, mimi nikilinda viatu. Mama alicheka mpaka akapaliwa. Njiani kurudi ukasema, "Tutakuja tena." Hatukwenda tena.

Mama alianguka hapa uani, ndoo ya maji mkononi. Kiharusi kilimchukulia upande wa kulia na maneno mengi. Ukamhudumia vizuri, baba, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Ulimwogesha, ulimsuka nywele vibaya sana, ulimlisha. Kisha tumbo lako likaanza kuvimba.

Siku ile uliniita kutoka kitandani kwa sauti nisiyoijua. Nikaja mbio bila kunawa. Ukanishika mkono hivyo hivyo, ukachafuka na wewe. "Huna ndugu, na mama yako hana mtoto mwingine. Niahidi hutatoka kwenye nyumba hii ukamwacha."

"Nakuahidi, baba."

Ningesema nini kingine? Nilikuwa naliona shuka likipanda na kushuka juu ya kifua chako, polepole mno.

Basi nikakaa. Asubuhi namwogesha mama, namnywesha uji, namkalisha mlangoni kwenye godoro apate jua. Nasugua kava nikiwa nimempa uso, ili nimwone akiinamia upande. Drili naiwasha kidogo, naizima, nasikiliza, naiwasha tena. Msasa ukiisha naenda dukani kwa mwendo wa kukimbia, na njia nzima namwona mama ameanguka, hajaanguka, ameanguka. Tuliwahi kupata binti wa kutusaidia, akaolewa upesi, na wa pili aliyekuja, mama alimkataa kwa kugeukia ukuta. Harusi za rafiki zangu nimezisikia kwa simu. Mwanaume mmoja alikuja na kava ya pikipiki yake, akarudi na nyingine ambayo haikuhitaji kung'arishwa, nikaelewa. Alitaka twende Bukoba. Nikamwonyesha mama kwa macho tu, naye akaelewa.

Sikuwa namchukia mama. Nataka ujue hivyo. Ila kuna siku nilisugua kava moja mpaka nikahisi nasugua ukuta wa chumba nilichomo, na ukuta haupungui.

Wiki iliyopita akaja mama mmoja kutoka Nyakato, wanamwita Mama Bahati. Ana karakana ya kuyeyusha na kumimina alumini, wanatengeneza puli na mapangaboi ya boti. Aliona pikipiki barabarani, injini yake inawaka jua, akamuuliza dereva mpaka akaletwa hapa.

"Nani amefanya ile kava?"

"Mimi."

Akazitazama kazi zilizokuwa kwenye kitenge, akapitisha kidole gumba. "Mafundi wangu wanamimina vizuri, kumalizia hawajui. Njoo ufanye kazi kwangu. Mashine zipo, na kumimina utajifunza."

Baba, nilihisi mwili wote umepata moto. Kumimina! Ulikuwa ukiniambia ungependa kuona yanapotoka haya tunayoyasugua. Nikamuuliza ni saa ngapi mpaka saa ngapi. Aliponijibu, moto ukazima. Nyakato si mbali, ila ni mbali vya kutosha mtu kuanguka na asiokotwe mpaka jioni. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikamwambia siwezi. Nikarudi, nikamgeuza mama upande wa pili, nikaendelea na kava.

Kuanzia jioni ile mama akakataa kula. Nilipika ugali laini, nikamchambulia sato, akafunga mdomo. Uji, vilevile. Siku ya pili nikaogopa, nikampigia magoti.

"Mama, unaumwa wapi?"

Akanitazama kwa lile jicho lake zima. Unajua anavyosema sasa, neno moja, anapumzika, jingine.

"Umekataa... kazi."

"Hiyo si kazi ya kwangu, mama. Kula."

"Kwa nini?"

"Nilimwahidi baba. Nilimwahidi sitakuacha."

Akafungua mdomo kidogo. Nikadhani ameridhika, nikachota kijiko. Ndipo mwili wake ukaanza kutikisika, nikatupa kijiko nikidhani kiharusi kimerudi. Alikuwa anacheka, baba. Anacheka na machozi yanamtoka, upande mmoja wa uso unacheka na mwingine umetulia tuli.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini?"

"Nilimwahidi. Na mimi." Ikachukua muda mrefu kutoka. "Alisema... Kabula hana mtu. Usiende... kwa Minza. Usimwache."

Nikakaa chini kwenye simenti.

Mama mdogo Minza, mdogo wake wa Magu, alikuja kwenye msiba wako, unakumbuka jinsi alivyokupenda. Kumbe alimwomba mama waondoke naye siku ileile ya kuanua matanga. Na alimwomba tena kila alipopiga simu, yale mazungumzo yao ya Kisukuma, marefu kwa vile mama hupumzika kila neno, niliyokuwa nawaachia ili nikasugue. Kwake kuna chumba, kuna wakwe na wajukuu wanaoshinda nyumbani, kuna majaruba ya mpunga mama aliyoyajua tangu msichana. Kila mara mama alijibu, "Siwezi... mtoto atabaki... peke yake."

"Ulitaka kwenda?" nikamuuliza.

"Kila siku."

Baba, sikukulilia msibani kama nilivyokulilia pale. Nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba nilitoka uani nikapiga teke beseni. Wewe ulitushika mkono mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, ukatufunga yeye kwangu na mimi kwake, ukaenda. Na sisi tukakaa humu ndani miaka, kila mmoja akimwonea huruma mfungwa mwenzake, kila mmoja akijiona ndiye mlinzi.

Niliporudi ndani mama alikuwa ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto, anakula mwenyewe, anamwaga nusu kifuani. Nikamwambia naona siku moja nitakuandikia. Nikamuuliza nikuambie nini. Alifikiri mpaka sahani ikapoa.

"Mwambie... alitupenda. Kwa woga."

Nilimpigia simu mama mdogo. Hakuniuliza swali hata moja, alisema tu, "Namfuata." Nikampigia Mama Bahati. Akasema, "Jumatatu, na uje na viatu vya kufunika vidole."

Amekuja leo asubuhi, mama mdogo, na gari la mkwewe, mkwe mwenyewe akiendesha. Tumefunga nguo za mama, dawa zake, kiti chake cha kuogea. Nimemweleza mama mdogo kila kitu mara mbili: asilalie upande wa kulia, uji usiwe wa moto, anapofunga jicho si usingizi, anataka kugeuzwa. Mama mdogo akanisikiliza kwa heshima, kisha akanishika bega. "Mwanangu, huyu ni dada yangu. Nilimjua kabla yako."

Tumembeba mpaka kwenye gari, tukamkalisha kiti cha nyuma, dirisha la kulia. Nikamfunga mkanda. Nikafungua mlango wa upande wa pili niingie, nifike nao hata Kisesa, niwaone wakiishika barabara ya Magu.

"Usinisindikize," mama akasema. Neno zima, bila kupumzika.

Nikafunga mlango, nikazunguka kumuaga, mkono wangu ukabaki kwenye dirisha lake. Gari likawashwa. Nikauambia mkono utoke, haukutoka. Mama akauvuka mwili wake kwa mkono wake wa kushoto, akakishika kidole changu cha kwanza, akakibandua kwenye kioo. Akabandua cha pili. Hakuwa na haraka na hakuwa akilia. Alipomaliza vyote, akaupapasa mkono wangu kidogo, kisha akamgeukia dereva na kumwashiria kwa kichwa aondoke.

Sasa ni alasiri. Nyumba iko kimya, na nimeshaingia ndani mara kadhaa kumgeuza mtu ambaye hayupo. Lango la uani liko wazi, naliona kutoka hapa nilipokaa. Nimesimama mara moja nikalifikia, nikarudi nikakaa. Sikujua kwamba miguu nayo huahidi.

Lakini ni mimi nitakayetoka Jumatatu, baba, na sikuombi ruhusa. Nakuaga tu, kama mtu anavyomuaga mzazi wake kabla ya safari. Ulale. Hakuna tena unayepaswa kumwogopea humu.

Mwanao wa pekee,
Kabula