Siku ya Tatu ya Kusafisha Mwili

Jumamosi jioni

Siku tatu za Ayurveda, ile tiba ya Kihindi, zimeharibiwa na sufuria moja ya sombe, majani ya muhogo!

Yule mama wa Kihindi anayeuza dawa za asili kule mjini Richardson alinieleza vizuri: siku saba za samli vuguvugu asubuhi, uji wa mchele na choroko mchana, mafuta ya ufuta kichwani, na utulivu. Nitakuwa mtu mpya. Kosa langu lilikuwa kumweleza Mama Furaha, kule ghalani tunakofanya kazi, kwa nini nimekataa andazi lake.

Leo saa kumi mlango ukagongwa. Wamama tisa wa kanisa, na ugali wa fufu, samaki, sombe na Biblia.

"Dada, tumesikia hauwezi tena kula," akasema Mama Furaha, machozi tayari yanamtoka.

Nikawaambia ni matibabu tu, nasafisha mwili. "Pole sana," wakajibu, wakaniwekea mikono kichwani, juu ya mafuta yale yale, wakaomba.

Ningekataaje? Nikala sahani mbili. Wakapiga vigelegele kwamba nimepona.

Nimekasirika kweli. Ila mwaka mzima nimekula vizuri humu ndani, peke yangu, na hakuna aliyegonga mlango.