Baba Mdogo na Mashine ya Mifupa

Kaka Wandera,

Sijui kama habari za huku zinakufikia, kwa hiyo nakuletea mwenyewe. Tangu tukuzike pale Masaba nimekasirika, na sijapoa.

Ulizikwa na miguu yote miwili. Lori lilipokuponda muundi mpakani, daktari wa Tororo alisema mguu ukatwe. Wewe mwenyewe ulisema, "Wakate, mimi nataka kuishi." Nani alikusikiliza? Baba mdogo alisema kwetu Msamia hazikwi nusu, atawaendeaje waliotangulia akirukaruka. Sumu ya mfupa ikapanda, ukaenda. Mazishini watu walimsifu kwa kukuhifadhi vizuri. Nilitamani kumtemea mate.

Sasa sikia. Binti yako Nekesa, ninayemlea tangu uondoke, alivunjika mguu akicheza mpira shuleni, mfupa ukatoboa ngozi. Baba mdogo akamkimbiza kwa fundi wa mifupa wa kienyeji, naye fundi akamfunga vijiti juu ya kidonda kichafu. Tulipofika hospitali mfupa ulishaoza. Daktari akasema kata.

Safari hii baba mdogo hakutaja waliotangulia. Alitoa simu, akatuonyesha mashine inayochapisha mfupa, tabaka juu ya tabaka, kwa chembe hai za mgonjwa mwenyewe. "Dunia imeendelea," akasema. "Tungoje hiyo." Mtu yule yule, kaka, na neno lile lile: asikatwe.

Nilimuuliza daktari, maana hata mimi tamaa ilinishika. Akasema si uongo, wataalamu wanachapisha vipande na kuvijaribu, huenda siku moja vikafika hata huku. Lakini mfupa mpya haupandikizwi penye usaha, na usaha haungoji mtu. Nililia pale pale koridoni. Ungekuwepo ungenichekesha, kama siku ile ulipovusha sukari mpakani chini ya magunia ya samaki omena, ukanuka mpaka mbuzi wakakukimbia.

Nekesa aliuliza kitu kimoja tu: "Shangazi, baba mwenyewe alisemaje kuhusu mguu wake?" Nikamwambia. Kisha nikatia sahihi mguu ukatwe.

Baba mdogo ametangaza kwamba mimi si wa ukoo tena. Sawa, abaki nao. Kinachoniuma ni mtoto. Alipozinduka alipapasa shuka mahali mguu ulipokuwa, akageukia ukutani. Hataki uji wangu, hataki hata nimguse.

Haya, pumzika kaka. Nitampikia, nitamfulia, nitamsomesha, hata asiponisemesha. Nakuahidi: anichukie mpaka awe bibi kizee.

Dada yako,
Auma