Samaki Wako wa Matema

Kata ya Bagamoyo,
Tukuyu.
Jumatatu, 20 Mei 2024

Mpendwa mwanangu Lusungu,

Ugonile. Hamjambo huko Mtwara, wewe, Nahla na mtoto? Sisi tupo. Mvua haijakatika wiki ya nne sasa, nguo hazikauki, na mgongo wangu unaniuma kama kawaida yake.

Habari niliyonayo ni mbaya, na sitaizungusha. Wale samaki wa bluu uliowatoa Matema ukamwachia baba yako wamekufa wote kumi na mmoja, na aliyewaua ni mimi shangazi yako.

Ulinieleza, nakiri. Ulisema wamezoea maji magumu ya Ziwa Nyasa, na yale mawe ya chokaa ndiyo yanayoyafanya yabaki hivyo, nisiyatoe. Mwezi uliopita bomba likaanza kutoa tope. Nikasema mbona mvua ipo, maji safi kuliko yote, sisi sote tumekuzwa na maji ya bati. Nikabadilisha maji yote kwenye tangi. Yale mawe yalikuwa yameota ukijani, nikayatupa, nikaweka meusi ya mto Kiwira niliyoyasugua mwenyewe. Lilipendeza hadi nikajisifu.

Siku ya tatu samaki wakawa wanalala chini, mapezi wameyakunja. Nikampelekea Husseni wa duka la dawa za mifugo maji kwenye chupa. Akachovya karatasi yake ya kupimia pH, ikawa njano. Akasema maji ya mvua ni laini, hayana madini, na sasa yameshakuwa asidi. Nirudishe chokaa, yapande taratibu kwa siku kadhaa.

Mimi subira sina, unanijua. Jikoni kulikuwa na magadi ya kupikia maharage. Nikakoroga kiganja kizima, nikamimina. Kufika jioni walikuwa wanaelea wote. Husseni alinigombeza kweli, akasema kupandisha ghafla kumewamaliza kuliko ile asidi yenyewe.

Ingekuwa samaki tu nisingekusumbua. Tangu baba yako apooze upande mmoja, kila asubuhi alikuwa anawahesabu, na akimaliza anasema, "Lusungu mzima." Nilidhani ni maneno ya mgonjwa tu. Alipoona tangi tupu akageukia ukutani. Kesho yake akaniambia, "Mwite mchungaji. Mwanangu amefariki."

Nimemwapia kwa Mungu. Nimemwekea sikioni sauti yako uliyorekodi kwenye simu mara tatu, anasema huyo ni mtu mwingine, nimempanga. Wewe ulipopiga nilikudanganya kwamba ana homa kidogo, kwa sababu niliona aibu, na ndiyo maana naandika. Uji anaukataa. Tangu Ijumaa anaketi sakafuni kama tunavyoketi msibani, na majirani wawili wamekuja kumpa pole, wakaketi naye.

Nahla nisalimie sana, na Rayyan mbusu mashavu yote mawili. Ambindwile na watu wa Kawetele wanakusalimu. Mungu akufunike njiani.

Barua hii nampa Wilson, anasafiri kuja huko kesho alfajiri, Alhamisi utakuwa nayo. Usipoteze muda kutafuta samaki wengine. Mchungaji amekataa kukufanyia ibada ya mazishi, na baba yako amesema basi Jumapili ataiongoza mwenyewe. Fika kabla, akushike uso.

Wako akupendaye, ingawa nimekukosea,
Shangazi Beatrice