Folda ya Zamani

Baba watoto,

Nimekwenda kwa dada kuchukua ile diski ya tatu. Chai iko kwenye chupa. Boksi la diski pale studio liache likiwaka. Taa nyekundu isikutishe, inasema tu nafasi bado ni ndogo. Ukitaka kupiga pasi, tumia soketi ya chumbani.

~~Usiguse kitu chochote humo ndani.~~ Nimekata, maana najua asubuhi ulitaka kunisaidia. Uliona nafasi imekwisha, ukaona folda imeandikwa "Za Zamani", ukafuta. Halafu ukaniambia bila wasiwasi, "Si diski ziko mbili? Nyingine inazo." Mume wangu, hizo ni mapacha: ukiweka huku, na kule kunawekwa, ukifuta huku, na kule kunafutika. Zinatuokoa diski moja ikifa. Hazituokoi na mkono wako.

Ile ya tatu, uliyonicheka nilipoipeleka kwa dada, ndiyo yenye nakala ya mwezi uliopita. Nafasi tutaipata kwa kufuta picha za wateja waliokwishachukua zao, na tutafuta tukiwa wawili. Isipotosha, tutanunua diski kubwa zaidi, mbili zinazolingana.

Kosa langu ni jina. Kwako "za zamani" ni takataka. Mimi niliweka humo picha zote za marehemu mama yako, tangu tunaoana.

Folda mpya nimeshaifungua, bado tupu. Nimeiita "Mama Yako". Haya, ifute.

Mama watoto