Nywele za Natha

Kotla, mwezi wa Chet

Mwanangu Tahla,

Ushindi ni wa Mungu. Hujambo huko msituni? Nasikia wapanda farasi wenzako wote wanakuita Sardari, yaani mkuu wao. Mimi niliyekufuta kamasi nitakuita Tahla. Sisi wazima, ila goti langu tu.

Mdogo wako Natha amerudi. Askari wa liwali wa Lahore walimpa achague: kisu shingoni au wembe kichwani. Akachagua wembe. Sasa amejifungia zizini na ng'ombe, hataki kula nami. Anasema aliyenyolewa si Sikh tena. Mpokee, baba. Neno lako litamponya.

Mama yako

Msituni, mwezi wa Jeth

Mama,

Shikamoo. Goti lichue kwa mafuta ya haradali.

Nimezichoma kwa heshima maiti za vijana waliouawa kwa kuukataa wembe huo. Nikimkalisha Natha leo kwenye chakula chetu, mama zao nitawaambia nini? Aache nywele zikue. Zikitosha kufungiwa kilemba, aje mbele ya watu watano wa imani yetu anywe upya maji matamu ya kiapo. Kabla ya hapo asije. Inaniuma, lakini sheria ni msumeno.

Mwanao Tahla

Kotla, mwezi wa Bhadon

Tahla,

Salamu. Mvua imetuzidi, lakini tunapumua.

Natha anatii. Nywele zimefika masikioni, na kila asubuhi ananiuliza, "Mama, bado?" Liwali ametangaza zawadi kwa kila kichwa cha Sikh chenye nywele, na wawindaji wa vichwa wanapita vijijini. Nikamwambia, "Nyoa, jifanye mkulima, utazifuga tena." Kanijibu, "Kaka kasema zikue." Andika mstari mmoja tu, umwambie anyoe.

Mama yako

Msituni, mwezi wa Katak

Mama,

Shikamoo. Tulikuwa vitani ng'ambo ya mto, barua yako nimeipata jana.

Siwezi kumwambia Sikh anyoe. Lakini aje sasa hivi, na nywele hizo hizo. Watu watano wako tayari. Namtumia farasi wangu wa kijivu, na Natha nitamlisha kwa mkono wangu. Mwambie kaka yake alikosea.

Mwanao Tahla

Kotla, mwezi wa Katak

Tahla,

Farasi amefika salama. Wawindaji walimtangulia.

Nilipiga kelele, "Huyu alinyolewa, si mmoja wao, tazameni!" Wakamvua kilemba, wakacheka: "Bibi, hizi zinatosha." Wakakishika kichwa kwa nywele hizo hizo, wakaondoka nacho kwenda Lahore. Kilichobaki nimekichoma mwenyewe.

Najua wenzako watamsifu kwamba alikufa Sikh. Wewe usimsifu mbele yangu. Nilikuomba mstari mmoja.

Mama yake Natha