Alama za makaa kwenye ukuta wa jikoni

Papa Joviale,

Bugali iko kwenye sufuria, imefunikwa. Safisha mufereji wa nyuma kabla ya saa nane, mvua ya jana imeujaza matope na sashe za plastiki. Mifuko ya mchanga iweke kwanza kwenye mlango wa jikoni, si kwenye salon. Maji huingia kwa jikoni.

Ukuta ungekuambia hayo. Miaka saba nimechora kwa makaa mahali maji yalipofika, na tarehe kando. Hakuna aliyenifundisha. Leo nimetoka misa nikakuta fundi amemaliza kupaka rangi nyeupe.

"Maman, sasa iko muzuri," ukasema. "Wageni ba mahari ya Joviale wakikuja Jumamosi, watatuona sisi pia ni batu."

Fundi alikuwa anasikiliza, nikaenda kusonga bugali. Lakini ile alama ya juu kabisa ndiyo iliyonionyesha kitanda cha mama yako kipandishwe matofali mangapi. Yeye hawezi kusimama, unajua. Matofali umeyatoa pia, eti yanaharibu chumba.

Basi nimemupeleka kwa dada yangu Bibiane, kule Miti, maji hayafiki. Dawa zake nimebeba.

~~Tutarudi jioni.~~ Tutarudi Jumamosi, pamoja na wageni wengine.

Usisahau kuzima kuranti ya umeme maji yakianza kuingia. Kipande cha makaa nimekiacha kando ya sahani yako. Safari hii utachora wewe.

Bibi yako, Mama Joviale