Uso wangu mu simu ya mama mukwe

Kazi moja ya juma, tarehe 3 mwezi wa tatu 2025

Nathalie ameita leo. Kidogo tu, réseau ikakata.

Mbele ya Noël alienda Kabongo kwa matanga ya baba yake, na mpaka leo bibi yangu wa ndoa hajarudi. Hatukugombana. Ni mama yake tu – amebaki peke yake na dépôt ya mahindi na karanga, na simu haipumue. Bateja banaita toka Luena, toka hapa Kamina, hata toka Lubumbashi: mahindi iko? Bei ya leo gani? Nathalie njo anajibu bote. Sasa mama anataka site internet, bantu basome bei yenyewe. Nathalie anasema: weye njo fundi, linganisha zile système za kutengeneza site, chagua moja. Ikitembea bila minyi, nitaweza kurudi.

Nitaweza kurudi. Hapo njo réseau ilikata. Nimebaki na simu ku sikio, Bokungu, mwenzangu wa kazi, ananiangalia.

Kazi mbili, tarehe 4

Courant imekuya asubuhi, nimeikimbilia. Secrétariat yetu iko karibu na gare: Bokungu anapiga photocopie, minyi niko ku ordinateur. Yeye ni mutoto wa soldat wa base ya jeshi, baba yake alitoka Équateur.

Nimelinganisha tatu. Ile ya kukodisha ku internet – inapendeza, unavuta picha na kidole. Lakini inataka connexion kila saa, na kila mwezi ilipwe na carte ya banque. Mama mukwe na carte ya banque wapi na wapi. Joomla – iko na nguvu, unaweza kugawa kazi: huyu aandike, huyu akubali, huyu atangaze. Lakini menu juu ya menu. Juu ya kubadilisha bei ya gunia moja unapita milango mingi. WordPress – nyepesi. Unaandika mu simu hata kama réseau imeenda, ikirudi unatuma. Kwa dépôt ya Kabongo, jibu iko wazi.

Iko wazi, na bado sijamupa Nathalie. Juu nikitia WordPress, Mwila atajifunza haraka. Mwila ni binamu yake, njo anapima magunia kule, muntu wa akili. Nathalie ataniita tena kwa sababu gani? Nikitia Joomla, atapotea mule ndani kila siku. Ataniita: Ba Kisimba, bei imeenda wapi? Na minyi nitajibu pole pole.

Sauti yake kila siku, ama yeye mwenyewe siku moja. Na ile siku moja nani ameniahidi? "Nitaweza" haiko "nitarudi".

Kazi ine, tarehe 6

Jana nimetia Joomla. Bokungu anauliza, juu ya nini kuchinja kuku na shoka? Nimejibu: sécurité. Bongo, nilidanganya.

Nathalie ameita asubuhi. Ameita saa ya kula. Ameita tena mangaribi, karanga imeingia mu catégorie ya mahindi na haitaki kutoka. Nimemuongoza. Bonyeza kule. Hapana, juu. Eeh, hapo. Nyuma yake nilisikia kuku, na bantu banasukuma magunia. Alicheka mara moja. Nimetembea njia yote mpaka nyumbani bila kuona matope.

Siku ya posho, tarehe 8

Leo ameita, lakini hakucheka. Anasema amechoka. Mama anamupa dépôt, na minyi namupa milango. Mwila amejaribu, ameshindwa, ameacha. Anasema: Ba Kisimba, nilizani unanisaidia kutoka huku.

Kutoka huku. Nimekaa na ile neno. Tangu Kazi ine niko nafurahia taabu yake kama sukari.

Nimefuta Joomla. Haina kosa, kosa ni yangu. Nimeanza WordPress, nitamaliza kesho kisha misa. Nimemufundisha Mwila mu simu, bei mbili tatu, akaelewa palepale. Nathalie akamunyanganya simu, akasema aksanti. Kisha akakata, hakuita tena. Njo vile nilijua.

Kazi moja, tarehe 10

Aibu. Sitatoka inje leo.

Jana site ilipanda ku internet. Ile modèle nilichagua, chini ya kila article inaonyesha jina na photo ya mwenye kuiandika. Nimetia photo yangu ya chemise ya bleu, ile Nathalie alininunulia. Nilijisema: akifungua bei ya mahindi, ataona uso wangu. Nimeitia kubwa, macho mbele. Sikuwaza kama muntu wa kwanza wa kufungua ni mwenye dépôt!

Kwetu Baluba, buko, ni kusema ukwe, ni buko. Mukwe haangalie mama mukwe mu macho. Nikimukuta mu njira, natoka mu njira na ndevu yangu yote, naingia mu majani. Tangu nilioa, tunasemezana kwa kinywa cha muntu mwingine. Sasa Mwila ameita: mama alikuwa amekaa karibu na kilo ya kupima magunia, mbele ya bateja, akafungua simu – na minyi ule, ninamuchekea. Alitupa pagne, kitenge yake, juu ya simu. Akasimama, akazunguka nyumba yote. Hataigusa tena mpaka mukwe alete kuku, kama desturi inaomba.

Bokungu amecheka mpaka photocopie imeungua. Anasema macho haina pazia. Kwabo Équateur, anasema, mukwe anakula sahani moja na mama mukwe. Uende kwenu, nimemuambia.

Nimetoa photo. Lakini nilimuuliza Mwila: na Nathalie? Alicheka mpaka akakaa chini, anasema. Kisha akatoa simu chini ya pagne, akaenda nayo mu nyumba. Alikawia.

Alikawia. Nimejirudilia hii neno mara ngapi.

Kazi tatu, tarehe 12

Kuku imeenda Kabongo ku moto, ile pikipiki ya Chadrack wa kubeba mizigo, miguu imefungwa, jogoo mweupe. Chadrack anauliza, na ku bibi unatuma nini? Nikasema salamu. Akasema salamu haina uzito, nitabeba bure.

Nathalie hajaita. Site inatembea. Kila asubuhi Mwila anabadilisha bei, naona jina yake: Mwila, Mwila, Mwila. Kazi imefanyika muzuri. Hakuna mwenye kunihitaji kule, na nyumba yangu iko na kiti moja tu yenye kukaliwa.

Kazi tano, tarehe 14

Chadrack amerudi. Mama alipokea kuku. Alimutuma Chadrack aseme: site ya mukwe wangu ni muzuri, simu imenyamaza, sasa nasikia ndege. Tena akasema: yule mutoto wangu mwanamuke, achague mwenyewe kurudi ama kubaki, simufunge. Na Nathalie? Chadrack anasema alikuwa anafua. Alisema aksanti kwa salamu. Ile tu.

Niliingia ku site, nia tu kutazama kama iko salama. Kuko page ya "Sisi ni nani", minyi njo niliiandika: mama mwenye dépôt, Mwila wa kilo, Nathalie wa bei na bateja, kila muntu na numéro yake. Nilitaka kurekebisha alama moja. Machine imekataa. Inasema: Nathalie anabadilisha hii page kwa sasa.

Kwa sasa. Iko mule. Kidole yake iko juu ya page ileile.

Akifuta jina yake, anakuya. Akiongeza photo yake pale karibu na kilo, anabaki Kabongo. Siwezi kuona kitu mpaka ahifazi. Chini kuko bouton: unaweza kuchukua page, muntu ule atatolewa. Mukono yangu iko juu ya souris ya ordinateur. Nimeitoa, nimeikalia.

Mvua inaanza kupiga mabati. Courant inatikisika, batterie imebaki kidogo. Bado anaandika. Muntu anafuta jina moja tu, inachukua wakati huu wote?

Bokungu amekamata funguo, anataka tufunge, twende kula. Nimemuambia angoje, kuko muntu ndani.